Jumamosi ya Kupumzika

Mimi ni mwalimu wa michezo, na nianze kwa kukiri kwamba napenda mno kupiga filimbi. Wenzangu ofisini wanasema naipuliza hata pale ambapo neno moja lingetosha. Ni kweli. Nina sauti ndogo na hasira za haraka, na filimbi hunisaidia kuvifunika vyote viwili.

Shule yetu iko upande wa Kwihara, si mbali na lile tembe la kale, nyumba ya udongo ambayo wageni huja kuipiga picha. Njia yetu ya mazoezi inapita mbele yake. Ni njia ya mchanga, ile ile waliyopita wapagazi wa misafara, na siku moja mgeni mmoja alipotuona mimi na wasichana wangu kumi na wawili tukipita tunahema, aliuliza kama nasi ni sehemu ya maonyesho. Nikamwambia ndiyo, akatupiga picha.

Nilizaliwa Tabora mjini, jirani na stesheni, kwa mama mshonaji. Jembe nililifahamu kwa kuliona limening'inia dukani. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia lilianzia hapo.

Nilipokabidhiwa timu ya mbio nilikwenda semina ya siku tatu mjini, nikarudi na daftari limejaa. Nilijiona nimeelimika kweli kweli. Nikachukua karatasi kubwa ya manila, nikaandika chakula cha mwanariadha: mayai, samaki, maziwa, ndizi mbivu. Nikaibandika ukutani siku ya kikao cha wazazi, nikaisoma kwa sauti, nikaeleza kazi ya kila kitu mwilini. Nilipomaliza, mama mmoja mwembamba aliyekaa nyuma alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hizo ndizi zinaota Bukoba," alisema. "Sisi tuko Unyamwezi."

Kikao kizima kilicheka. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba mzazi anayejali mtoto wake atatafuta, na nikasema mengine ambayo leo nisingependa kuyarudia. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kikao kilipofungwa alinifuata mlangoni, akafungua kitambaa, akanionyesha vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Matobolwa. Kila nyumba huku inayo.

"Mtoto akiwa na haya mfukoni na karanga kiganja kimoja, anatembea kutwa," alisema. "Wapagazi walifika nayo pwani, mizigo kichwani. Sasa wewe unataka ndizi."

Nilikuwa na hasira, lakini niliyaonja. Ni matamu. Unayatafuna polepole na yanakaa tumboni. Nikafikiria lile daftari langu, nikaona kwamba kile nilichoandika kwa maneno mengi kuhusu chakula cha kutia nguvu, mama huyu alikuwa nacho kwenye kitambaa.

Tabu ilikuwa kwa wasichana wenyewe. Matobolwa kwao ni chakula cha nyumbani, cha miezi ya njaa, na kuyatoa kwenye mkoba wa shule ni kujitangazia umaskini. Kwa hiyo nikaanza kuyala mimi. Nilisimama katikati ya uwanja kila jioni kabla ya mazoezi, nikayatoa kwenye pochi yangu ya ngozi, nikayatafuna mbele yao huku nikitazama pembeni. Wiki ya pili mmoja akaniomba. Wiki ya tatu walikuwa wakibadilishana na karanga na kubishana mama wa nani anajua kukausha. Ile manila niliibandua mwenyewe.

Huyu aliyeniomba wa kwanza alikuwa binti wa yule mama mwembamba. Alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na mitano, mkimya. Alikimbia mita elfu moja na mia tano, na alikimbia amefunga mdomo, hata pale wenzake walipokuwa wakihema kama mivukuto ya mhunzi. Mara ya kwanza nilipompima muda nilidhani saa yangu imeharibika. Nikampima tena.

Mwezi wa tatu kungekuwa na mbio mjini za kuchagua timu ya mkoa. Atakayeshika nafasi ya kwanza angepata nafasi katika shule ya bweni yenye uwanja wa maana na makocha waliosomea kazi yao. Niseme ukweli: niliitaka nafasi ile kuliko alivyoitaka yeye. Nilikuwa nikiota nimesimama pale mjini, kila mtu anauliza yule ni mwanafunzi wa nani. Mtu mzima kuota hivyo ni aibu, lakini niliota.

Nikapanga ratiba. Jumatatu mpaka Alhamisi mazoezi ya kawaida, Ijumaa mbio fupi za nguvu kwenye mchanga mzito, Jumapili kanisani, maana wengi wao ni Wamoravian na Wakatoliki. Na Jumamosi, kwa wino mwekundu: KUPUMZIKA. Niliwaeleza kwamba mwili hujengeka ukiwa umelala, kwamba mfupa na msuli vinahitaji siku ya kujirudisha, na kwamba mvivu na mwenye kupumzika si mtu mmoja. Wasichana wakatazamana, wakacheka chini chini. Nilidhani wamefurahi.

Baada ya mwezi niliona jambo la ajabu. Kila Alhamisi binti yule alikuwa moto wa kuotea mbali, na kila Jumatatu alikuwa mzito. Siku ya kupumzika ilikuwa inamchosha! Nikafikiri labda Jumapili wanakula sana, nikawapa mhadhara kuhusu kushiba. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha nikaona anaukanyagia mguu wa kushoto kwa kuuonea huruma.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu."

Nikampa raba nilizoazima kwa mwalimu mwenzangu, nikidhani tatizo ni viatu. Wiki ikapita, hali ile ile. Nikamkalisha kwenye ngazi ya darasa, nikambonyeza ugokoni kwa kidole gumba, pale mfupa unapokaribia ngozi. Hakushtuka hata kidogo, ila macho yalimjaa maji.

"Na hayo machozi?"

"Vumbi, mwalimu."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Vumbi lingetoka wapi? Nikamwambia, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akafunga kamba za viatu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwao kuzungumza na mama yake. Kabla sijafika nyumbani nilisikia ngoma. Nikaifuata, nikatokea kwenye shamba kubwa, na humo kulikuwa na watu kama arobaini wamepanga mstari, kila mmoja na tuta lake la kupiga, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Nyuma yao alitembea mpiga ngoma akiwaimbisha. Yalikuwa mashindano. Anayemaliza tuta kwanza hupigiwa vigelegele, anayebaki nyuma huimbwa jina lake mpaka aone haya.

Aliyekuwa mbele ya wote ni mwanariadha wangu. Peku, kanga kiunoni, mguu wa kushoto umetangulia. Kila jembe liliposhuka, uzito wote wa mwili ulikwenda kwenye mguu ule, kisha akauvuta udongo, kisha tena. Alimaliza tuta lake, vigelegele vikapigwa, akaanza jingine bila kunyanyua kichwa. Nikatazama vizuri nikawaona wengine pia. Timu yangu nzima ya mbio ilikuwa mle shambani, imepumzika.

Nikafanya jambo ambalo bado nataniwa nalo hadi leo. Nikapuliza filimbi.

Ngoma ikanyamaza. Watu arobaini waligeuka kunitazama. Kwa watu wa huku, kuikatiza ngoma ya kulima ni kama kuingia kanisani katikati ya sala na kuuliza njia. Mama mwembamba aliweka jembe lake chini, akaja polepole.

"Mwalimu," alisema, "hapa si uwanjani kwako."

Nikaomba radhi. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Akanipeleka pembeni, kwenye masufuria ya uji, ngoma ikaanza upya, akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Walikuwa wakilima kwa kualikana, nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi shamba la mwenzao mmoja. Kila nyumba ina nafasi zake kwenye mstari, na nafasi haiachwi wazi. Nyumba yake ilikuwa na nafasi mbili, yake na ya mumewe, na mumewe alikuwa Bukene, kwenye kazi ya reli. Kwa hiyo binti aliishika. Ukiacha nafasi wazi, siku ya zamu yako utalima peke yako.

"Sasa akichoka?" niliuliza.

Akatabasamu. "Kwenye mstari hatusemi nimechoka, mwalimu. Ukisema, ngoma itakuimba mpaka mavuno. Huyu wangu ameanza kulima na miaka tisa, hajawahi kulisema hilo neno." Alilisema kwa fahari, na mimi ningekuwa mama yake ningeona fahari vile vile.

"Na huo mguu?"

"Mguu gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye hakuambiwa. Akamwita binti. Alikuja anatembea vizuri kabisa, kama si kitu. Mama akachutama, akaupitisha mkono wake mgumu juu ya ugoko, akabonyeza. Binti akageuza uso upande wa shamba. Mama akasema, bila ukali wowote, "Mwanangu, ungeniambia."

Jumatatu tulikwenda hospitali mjini, sisi watatu. Mguu ukapigwa picha. Daktari, dada mmoja kijana mwenye maneno machache, alituonyesha mahali ambapo mfupa ulikuwa umeanza kupasuka, ufa mwembamba sana. Akauliza anafanya kazi gani, anakula lini. Tukajibu. Siku za kulima watu hula baada ya kazi, ndiyo desturi, kwa hiyo Jumamosi binti alikuwa akiamka, akilima mpaka saa nane mchana na tumbo tupu, siku moja baada ya mimi kumkimbiza kwenye mchanga mzito. Daktari akasema wiki nane. Asikimbie, asilime, ale kabla ya kazi na baada ya kazi, na maziwa yakipatikana yasipite mbali.

Mbio za mjini zilikuwa baada ya wiki tatu. Nikauliza swali ambalo ningefurahi kama ningelisahau.

"Na akikimbia mara moja tu?"

Daktari alinitazama. "Mara moja inatosha kuuvunja."

Binti alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia. Mama yake pia. Niliona aibu, aibu ya kweli, na naiona hata sasa ninapoandika.

Tukiwa tunarudi mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Zamu ya shamba lake ilikuwa imebaki Jumamosi sita mbele, na nafasi ya mumewe haikuwa na mtu. Nikasema nitaishika mimi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona sichezi.

Jumamosi ya kwanza nililima matuta mawili wakati wenzangu wamelima saba. Viganja vilitoka malengelenge, na wasichana wangu, ambao kwa wiki nzima nilikuwa nikiwafokea wanyanyue magoti, walinipita mmoja mmoja wakiniambia, "Pole, mwalimu," kwa sauti ya upole niliyoishuku. Lakini nilijifunza. Ngoma ile haianzi kwa kasi. Huanza taratibu sana, jembe linagusa tu udongo, na hupanda kidogo kidogo mpaka watu watoke jasho, ndipo mashindano yafunguliwe. Kwangu kupasha mwili kulikuwa dakika tatu za kuruka ruka kabla sijapuliza filimbi. Na bibi mmoja aliyekuwa kwenye mstari wangu aliniona nalima kwa kulalia upande wa kulia, akanishika bega.

"Badilisha mkono kila tuta," alisema. "Ukilalia upande mmoja, upande huo utakudai uzeeni."

Jumatatu nikaitazama njia yetu ya mazoezi kwa macho mapya. Imeinama. Maji ya mvua yameila upande mmoja, na sisi siku zote tulikuwa tukikimbia ukingo ule ule, mguu wa kushoto ukishuka chini kuliko wa kulia. Miezi yote ile! Tangu siku hiyo tunakwenda upande huu na kurudi upande ule, na Ijumaa ya mchanga mzito nimeihamishia Jumanne. Jumatatu ndiyo siku yetu ya kupumzika sasa, na wasichana hawacheki chini chini.

Mama naye alifanya lake. Alisema mbele ya watu wote kwamba watoto wanaosoma wataonja uji kabla ngoma haijaanza, na atakayeona ni desturi mbaya aje ampikie yeye. Hakuna aliyekwenda.

Siku ya mbio za mjini tulikwenda kutazama. Wasichana wangu wawili walikimbia, wakajitahidi, hawakushinda. Binti alikaa karibu nami, tukatafuna karanga. Kwenye mita elfu moja na mia tano, msichana mmoja mrefu aliwaacha wenzake mbali.

"Huyo ningemshinda," alisema.

"Najua."

Yule mrefu alipewa nafasi, akafurahi sana, akarukaruka na mwalimu wake. Nilimwonea wivu yule mwalimu, sitadanganya. Ila mguu ulio kando yangu ulikuwa mzima.

Jumamosi iliyofuata, tuta la tatu, mgongo wangu ulikataa. Maumivu yalishuka mpaka pajani. Nyani haoni kundule: mimi niliyekuwa nimewahubiria watu mwezi mzima kuhusu kusema maumivu, niliuma meno nikaendelea, maana wote walikuwa wanatazama na ngoma ilikuwa karibu. Binti alikuwa pembeni anagawa uji. Ghafla nikasikia sauti yake, ambayo uwanjani ilikuwa haisikiki hata hatua tano.

"Mwalimu amechoka! Mwacheni akae!"

Mstari mzima ukasimama kwa mshangao. Kisha mpiga ngoma, ambaye nadhani alikuwa akiisubiri nafasi hii tangu siku ya filimbi, akaanza kuimba kwamba mwalimu ana mapafu ya kupuliza, mgongo kausahau mjini. Waliimba hadi saa nane. Waliimba mpaka mavuno, kama nilivyoonywa. Hata sokoni kuna mama alinipimia dagaa wa Kigoma huku anauimba.

Nilikwenda kukaa kwenye masufuria, nimekasirika. "Kwa nini umenitia aibu?"

"Ulikuwa umefunga mdomo, mwalimu," alinijibu, ananipa kata ya uji. "Mimi nikiumwa ndivyo ninavyofunga."

Nikanywa uji. Baadaye tukapeana mkono, mimi na yeye, kwamba atakayeumwa atasema. Jumamosi zilizobaki nililima tuta moja, nikapumzika, nikalima jingine, nikiimbwa muda wote. Unazoea. Nakaribia kusema niliupenda wimbo ule.

Mwezi wa tano daktari alimruhusu kukimbia. Mizunguko minne ya uwanja, mwendo wa pole. Habari zilikwishazagaa, na jioni ile nusu ya shule ilibaki kutazama, na mama yake alikuja akasimama karibu nami na kanga yake ya kanisani. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa mzuri zaidi, watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo, na nikaona anataka kuongeza kasi.

Katikati ya wa tatu alipunguza. Akatembea. Kisha akaukatisha uwanja, peke yake, mbele ya wote, akaja moja kwa moja hadi tulipokuwa. Makofi yalikufa.

"Mwalimu, kigimbi kimekaza," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka madarasani. "Nimechoka. Nasimama hapa kwa leo."

Kuna mmoja alicheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Nilitaka kumwambia neno kubwa, nikaishia kumwambia tu, "Haya, kaa chini." Akakaa kwenye nyasi, akanyoosha mguu. Mama yake alikuwa ameshika kinywa.

"Tangu azaliwe," aliniambia polepole, "ndiyo mara ya kwanza namsikia akilisema hilo neno."

Keshokutwa yake alikimbia mizunguko yote minne. Alipomaliza aliniuliza kama anaweza kuongeza wa tano, nikamwambia hapana, akaenda kula.